Rangi ya Procion MX kwenye bafta: mwaka mzima wa kutia batiki Makorora, Tanga

Mwaka juzi niliuza mashuka manne ya batiki kwa mama mmoja wa Raskazone aliyekuwa anaozesha. Rangi ilikuwa zambarau iliyokolea, nta imepasuka vizuri na kuacha mishipa myembamba, na nilipoyakunja niliyapenda mwenyewe. Wiki ya pili akarudi nayo, na juu yake kanzu nyeupe ya mwanawe iliyofuliwa pamoja nayo. Kanzu ilikuwa imeingia rangi mgongoni na kwenye mikono, kama ya mtu aliyelalia zambarau mbivu. Yule mama hakupiga kelele. Aliniamkia, akaweka mfuko mezani, akasema, "Dada, hii ndiyo hali." Nikalipa kanzu, nikarudisha pesa ya mashuka, na usiku ule sikulala.

Rangi ile ilikuwa ya pakiti, na aliyeniuzia aliniapia kwamba haichuji. Tangu siku hiyo sichukui tena neno la muuzaji. Nikaanza kutafuta Procion MX, rangi ya unga ya kutilia pamba, ambayo nilikuwa nikiisikia kwa wenzangu wanaovuka kwenda Mombasa, na leo, baada ya kuitumia tangu masika ya mwaka jana hadi masika haya, naandika niliyoyaona kwa mikono yangu. Naiandikia hasa wenzangu wanaotia batiki majumbani, wenye karai mbili, jiko la mkaa na uzio wa kuanikia.

Nianze na jibu, maana najua wengi mtataka hilo kwanza. Rangi hii inashika. Kwenye pamba tupu, ukiifuata inavyotaka, haichuji hata ukifua na nyeupe. Lakini ina adui mmoja, na adui huyo ni maji yenyewe unayoitia.

Hapa Tanga wengi tunatia batiki kwa rangi za kostiki na haidrosi, yaani zinazoyeyushwa kwa dawa hizo mbili kali. Sizisemi vibaya, zimenilisha miaka mingi na zinadumu sana. Ila kostiki inakula mikono, haidrosi inanuka hadi majirani wanafunga madirisha, na kopo la haidrosi likiingia unyevu linaweza kushika moto lenyewe. Nina kovu kwenye kiwiko cha kulia la tone moja tu la kostiki. Procion haitaki hata kimoja kati ya hivyo. Inataka chumvi ya mezani na soda ashi, ile wanayouziwa watengeneza sabuni, na maji ya kawaida yasiyochemshwa. Kwa sisi wa nta hilo la maji baridi ni jambo kubwa, kwa sababu maji ya moto yanalegeza nta na mchoro wako unatambaa.

Binti yangu anafundisha kemia sekondari. Nilimwuliza kwa nini hii inashika na ile ya pakiti haikushika, akachukua kijiti akanichorea kwenye mchanga wa uani. Pamba, mama, akasema, ni glukosi iliyoshikana mikono maelfu kwa maelfu, mnyororo mmoja mrefu. Wenyewe wanaiita selulosi, nayo ni polima. Kila kipande cha mnyororo kina vimkia vya oksijeni na hidrojeni vinavyochomoza pembeni. Rangi ya pakiti inalala tu juu ya mnyororo, mvuto wake ni mdogo, maji na sabuni vikija inaondoka. Rangi ya kostiki inaingia ndani ya uzi ikiwa imeyeyuka, kisha hewa inaigeuza kuwa chembe zisizoyeyuka, zinanasa humo humo. Procion inafanya jambo la tatu. Kichwani mwa kila molekuli ya rangi kuna pete ya atomi sita, kaboni tatu na nitrojeni tatu zikipishana, na kwenye pete hiyo zimekaa klorini mbili. Soda ikishaingia majini, vimkia vya pamba vinapoteza hidrojeni, vinakuwa na njaa ya kushika. Kimoja kinaipiga kumbo klorini na kukaa mahali pake. Klorini iliyofukuzwa inabaki majini ikiwa chumvi, na rangi inakuwa sehemu ya pamba. Hiyo wanaiita kifungo cha kovalenti, na sabuni haikifungui.

Waliolipata hili ni Rattee na Stephen, wanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza, mwaka 1954. Rangi zenyewe zikaingia sokoni 1956, miaka 100 tangu Perkin, mwanakemia Mwingereza, apate rangi yake ya zambarau ya maabara. Kabla ya hapo hapakuwa na rangi ya pamba dukani yenye kifungo cha namna hii. Binti alipomaliza kunieleza nilikaa kimya kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani natia rangi kwenye nguo. Hii inaibadilisha pamba yenyewe.

Sasa kipimo. Kwa kilo moja ya bafta kavu natumia maji lita 20, chumvi kilo 1, soda ashi gramu 200. Rangi ni gramu 20 kwa rangi ya kati, 40 ikitakiwa kukolea, na nyeusi nimefika 80 ndipo ikawa nyeusi ya kweli. Rangi naikoroga kwanza kwenye kikombe na maji machache mpaka iwe uji usio na mabonge, halafu naimwaga kwenye beseni. Nguo inaingia ikiwa imeloa. Chumvi naitia kwa mafungu matatu huku nageuza, kama dakika 20. Kazi ya chumvi ni hii: pamba ikiwa majini ina chaji hasi kidogo, na rangi nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinakwepana, chumvi inatuliza ugomvi huo, rangi inasogea hadi kwenye uzi. Mpaka hapo hakuna kilichoshika. Ukiitoa nguo sasa na kuisuuza, rangi karibu yote itakwenda na maji.

Soda ndiyo inayofunga. Naiyeyusha pembeni kwenye maji ya vuguvugu, naiacha ipoe, kisha naimimina ukingoni mwa beseni, nguo ikiwa imesukumwa upande wa pili ili isipate mabaka. Tangu hapo nageuza kila baada ya dakika chache kwa saa nzima. Siku za kusi, Julai, maji ya asubuhi yakiwa na ubaridi, naacha saa moja na nusu.

Hapa ndipo pana jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na limenigharimu jora. Jumamosi moja niliyeyusha rangi nyekundu na soda kwa pamoja, nikidhani naokoa muda. Ikaja habari ya msiba mtaa wa pili. Huwezi kukaa na beseni mtu amefiwa, nikafunika, nikaenda. Nilirudi alasiri, rangi kwa macho ni ile ile, nyekundu ya kupendeza. Nikatia nguo, nikageuza saa nzima, nikasuuza, ikatoka waridi ya kupauka kama kanga ya miaka kumi. Binti akanieleza kwamba maji nayo yana kimkia kile kile cha oksijeni na hidrojeni. Soda ikiingia, maji yanapiga kumbo klorini vile vile pamba inavyofanya. Rangi iliyokwisha kushika maji haina tena mkono wa kushika uzi, ingawa kwa macho haijabadilika hata chembe. Pamba inashinda pale tu chumvi ilipokwisha kuisogeza rangi kwenye uzi, na pale nguo inapokuwemo beseni soda inapoingia. Ukiichelewesha nguo, maji yanaila rangi yote.

Kwa hiyo soda na rangi havikai pamoja kusubiri. Rangi iliyoyeyushwa bila soda inakaa siku chache kwenye chupa yenye kifuniko, mahali pa ubaridi, na kwa joto la Tanga mimi sivuki siku tatu. Unga wenyewe nao unaharibika kwa unyevu. Hewa yetu ya pwani ukiiruhusu ndani ya mfuko, unga unashikana mabonge na nguvu yake inapungua. Nauweka kwenye makopo ya kioo ya kahawa, na kila kopo nimeandika tarehe niliyonunua. Lalamiko langu kubwa ni kuhusu wauzaji wanaopima gramu 50 gramu 50 kwenye vifuko vya nailoni bila jina kamili wala tarehe. Mfuko mmoja wa buluu niliouziwa hivyo ulitoa rangi nusu. Mtu anayeuza rangi hii anajua mlaji wake ni mama anayetegemea jora moja kulipa ada. Aandike tarehe.

Sasa kufua, na hapa naomba tuelewane, kwa sababu wengi wanaikatia tamaa rangi hii kwenye hatua hii. Ukiisuuza mara ya kwanza maji yanatoka mekundu pyu. Mara ya pili, ya tatu, bado. Mimi nililia moyoni nikijua nimeuziwa tena ile ya pakiti. Kumbe inayotoka ni ile iliyoshika maji, na haina budi kutoka yote. Utaratibu wake una sababu. Kwanza maji baridi tu, mara tatu au nne, mpaka ule utelezi wa soda uishe vidoleni. Chumvi ikiwemo, rangi hiyo iliyokufa inang'ang'ania uzi, na ukichemsha mapema inahamia kwenye sehemu nyeupe zilizokuwa chini ya nta. Chumvi na soda vikishatoka, ndipo maji ya moto kabisa na sabuni. Maji ya moto yanailegeza rangi iliyokufa, na ile iliyoshika pamba haitikisiki. Sisi wa batiki tuna bahati, kwa sababu nta lazima ichemshwe ili itoke. Sufuria ile ile inafanya kazi zote mbili. Nikimaliza, nakata kipande cha pindo, nakilowesha, nakikunja ndani ya bafta nyeupe, naweka tofali juu hadi asubuhi. Nyeupe ikiamka nyeupe, nguo inaenda kwa mteja. Ikiamka na alama, inarudi sufuriani.

Kuna na suala la maji ya kutilia. Kisima cha uani kwetu maji yake ni mazito, sabuni haitoi povu. Nilipotia soda kwenye ndoo ya maji hayo, yakageuka meupe kama tui la pili, na chini pakatulia unga laini. Hiyo ni kalsiamu. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, nenda mapango ya Amboni utayaona waziwazi, na maji ya chini yanalamba chokaa hiyo. Soda inayogeuka unga haifungi rangi, na unga wenyewe unakaa kwenye nguo na kuifanya ifubae. Sasa natumia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa, na yakiisha, ya bomba. Tofauti ya nyekundu ya maji ya mvua na nyekundu ya kisima unaiona ukiwa mlangoni.

Soda ashi ikikosekana, magadi ya jikoni yanaweza kusaidia, lakini yakaangwe kwanza. Magadi ni kabonati na bikabonati vikiwa pamoja, na ile bikabonati haina ukali wa kutosha. Nayatwanga, nayatia kwenye sufuria kavu juu ya mkaa, nageuza kwa mwiko. Yanatoa mvuke, yanakuwa meupe na makavu kama unga wa muhogo. Joto limeigeuza bikabonati kuwa kabonati. Kisha nayayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa, kwa kuwa hayakosi mchanga. Rangi inashika, ila haing'ai kama ya soda ashi, na kila mkupuo una ukali wake. Kwa kazi ya mteja siyatumii.

Kitambaa kiwe pamba. Narudia kwa sababu nimeshadanganywa. Kuna bafta inayouzwa kwa jina la pamba tupu, nyororo, nyeupe ya kuumiza macho, na ndani yake mna poliesta, uzi wa plastiki. Poliesta haina vile vimkia, Procion haina pa kushika, nguo inatoka na rangi hafifu ya madoa madoa. Chomoa nyuzi mbili, moja ya wima na moja ya ulalo, uziwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ni laini, likiguswa linasambaratika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na mwisho inaacha kishanga kigumu cheusi ambacho kucha haikivunji. Ukiona kishanga, rudisha jora. Na bafta mpya, hata iwe pamba safi, ichemshe kwanza na sabuni na soda kidogo, itoe wanga wa kiwandani. Wanga nao una vimkia vile vile, utakunywa rangi kabla ya uzi, na kwenye kufua utaondoka nayo.

Kwa udadisi nilijaribu katani. Huwezi kukaa Tanga usijaribu katani; Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alileta miche ya katani 1893, ikapona 62 tu kati ya 1,000 iliyoagizwa, na mashamba yote yakatokana na hiyo. Katani nayo ni selulosi, ila imevikwa nta ya jani na ligini, ile inayoufanya mmea uwe mgumu. Niliichemsha kwenye maji ya soda, yakatoka ya kahawia kama chai ya rangi, na singa zikawa kavu, zenye kukwaruza kidogo, tayari kunywa. Rangi ikashika. Ila umanjano wa asili wa katani unabaki chini, kwa hiyo buluu yangu ilielekea kijani. Kwa vikapu inapendeza sana, jirani yangu anayesuka ameshachukua mafungu matatu.

Mapungufu mengine ni haya. Dawa ya madoa yenye klorini inaiua rangi hii, mteja lazima aambiwe. Kwa mapazia yanayopigwa na jua la mchana kutwa bado natumia rangi za kostiki, nazo zinavumilia zaidi. Bei ya Procion, kwangu mimi, imekuwa karibu mara mbili kwa gramu, ingawa kwa kuwa sinunui haidrosi wala mkaa wa kupashia maji ya kutilia, pengo linapungua. Na unga wake usivutwe puani hata kidogo. Unaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na ikishakupata, kila ukiikaribia rangi inakurudia. Vaa barakoa unapopima, zima feni, tandaza gazeti lililoloa mezani. Watoto wakae mbali. Mimi napima alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaanza.

Rangi zenyewe si sawa kwa tabia. Nyekundu na manjano zinashika haraka. Nyeusi ni mchanganyiko, ukikosea inajitenga na kuacha kingo za kijani au za zambarau. Feruzi ndiyo iliyonitoa jasho. Molekuli yake ni kubwa, ina shaba katikati, inatembea polepole na kushika polepole, na kwenye kufua inachuja majini kuliko zote. Nimejifunza kuipa muda: naifunga nguo kwenye nailoni ikiwa na soda yake, naiacha juani juu ya bati hadi jioni. Kwenye joto hilo ndipo inapokubali, lakini nta nayo inalegea, kwa hiyo feruzi naitia kwenye nguo za kufunga kwa uzi, na kwenye batiki naiacha kivulini siku nzima na zaidi.

Yule mama wa Raskazone sikumwomba anunue tena. Nilimpelekea kipande cha zambarau ya Procion, upana wa kiganja, nikamwambia, "Dada, kifue na kanzu." Akakipokea bila neno. Mwezi ulipita na siku kadhaa. Ijumaa moja baada ya swala akaja na kile kipande kwenye pochi, kimefungwa pamoja na leso nyeupe, akavitandika vyote mezani kwangu karibu na dirisha. Zambarau ilikuwa zambarau. Leso niliigeuza mbele na nyuma, nikaiinua juani.

Ameagiza mashuka sita, ya nta, yote feruzi. Nimemwambia anipe wiki mbili, na mvua moja ya kujaza pipa.